Ndui haikutokomezwa kwa kumchanja kila mtu

Wengi huamini ndui ilitoweka kwa sababu dunia nzima ilichanjwa. Sivyo. Chanjo ilikuwapo tangu 1796, na bado ugonjwa uliendelea kuua kwa karibu karne mbili. Kilichogeuza mambo ni mbinu. Mwishoni mwa 1966, mashariki mwa Nigeria, chanjo ilikuwa haba. Daktari Mmarekani William Foege na wenzake wakaamua kumsaka kila mgonjwa, kisha kuwachanja waliomzunguka tu. Maambukizi yakakatika hata pale ambapo wengi hawakuwa wamechanjwa. Shirika la Afya Duniani likaieneza mbinu hiyo, huku Marekani na Muungano wa Kisovieti, mahasimu wakubwa, wakishirikiana. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia, 1977.