Ampli inavuma: yanayosemwa juu ya prizi na tere Goma, na ukweli wake

Siku fundi anapochonga ukuta kupitisha mabomba ya nyaya ndiyo siku ya kuamua redio na ampli (kikuza sauti) zitakaa wapi. Ukishapiga plasta, kila badiliko ni kubomoa.

Watu wengi wanaamini kwamba prizi (soketi ya ukutani) yenye kipini inayo tere, yaani waya unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Dhana hii inaniuma kuliko zote. Mtaa wa Himbi, hapa Goma, niliitwa kwenye nyumba ambayo ampli ilivuma hata muziki ukiwa umezimwa, na ukiigusa inatekenya vidole. "Fundi, prizi za tere nimezilipia zote," mama mwenye nyumba akaniambia. Nikafungua moja: nyaya mbili tu, nyekundu na bluu. Skrubu ya tere ilikuwa inang'aa kama ilivyotoka dukani, haijawahi kubana waya. Waya wa kijani na njano haukupitishwa ukutani hata kidogo. Kabla hujamlipa fundi, mwambie afungue prizi mbili tatu mbele yako.

Wengine husema, basi piga nondo chini iwe tere, yatosha. Kwingine sawa. Lakini sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na mitaa mingine imejengwa upya juu ya lava ya 2002 yenyewe. Nondo inaingia kidogo tu, inagonga mwamba. Na mwamba mkavu haupitishi umeme vizuri hata ukiutoboa. Anayejenga upya azungushe waya mtupu wa shaba, milimita za mraba 25, chini ya msingi kabla ya kumwaga zege. Nyumba iliyokwisha simama ichimbiwe mtaro, waya ulazwe humo, kisha ujazwe udongo wa kuletwa unaoshika maji. Juu ya hayo weka disjonkta diferensieli ya miliampea 30, yaani swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Tere ikiwa dhaifu, hata ya omu 500, hiyo inakata wakati bati la ampli liko kwenye volti 15 hivi, na volti hizo haziui.

Kuna wanaotaka ampli ipewe tere yake ya pekee "ili sauti iwe safi". Hapo ndipo mvumo unapozaliwa. Tere mbili za sehemu mbili hazilingani volti. Tofauti hiyo inasukuma umeme kupitia waya mwembamba unaotoka kwenye televisheni au dekoda kwenda kwenye ampli, nawe unasikia "vuuu" ya hezi 50. Kukata tere kwenye plagi kunanyamazisha mvumo, ila hitilafu ikitokea ndani, bati zima linabeba umeme na mtoto akiligusa ndiye anayelipa. Tafadhali usikubali.

Dawa ni laini moja kutoka kwenye tablo (sanduku la swichi kuu): waya wa milimita za mraba 2.5, disjonkta (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 16, prizi nne au sita zilizopangwa pamoja nyuma ya kabati, zote kwenye tere moja. Friji na pampu ya maji zipewe laini nyingine, maana mota ikiwaka husikika "tak" kwenye bafle (spika). Nyaya nyembamba za sauti zisilale sambamba na nyaya za umeme. Zikilazimika kukutana, zivukane kama msalaba.

Na zile wati 1,000 zilizoandikwa kwenye katoni? Zisikutishe. Ampea 16 kwa volti 220 ni wati 3,520, na muziki wa sebuleni hula sehemu ndogo tu ya hizo. Disjonkta ikiruka, tafuta sababu. Kuweka ya 32 juu ya waya uleule wa 2.5 ni kuacha waya uungue ndani ya ukuta, na nyumba zetu nyingi ni za mbao.

Stabilizeta nayo hurekebisha volti zinazopanda na kushuka. Lakini haizuii radi, na mashariki ya Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Ngurumo zikianza, chomoa plagi, na waya wa antena pia.