Unapoandikiwa Picha ya Kifua

Wagonjwa wengi huingia chumba cha eksirei wakiamini kwamba picha ya kifua itawatajia jina la ugonjwa wao, ilhali picha hiyo ni vivuli tu. Mionzi hupenya hewa kwa urahisi, hivyo mapafu yenye afya huonekana meusi. Mifupa, moyo na majimaji huizuia na kuonekana vyeupe. Nimonia huja kama wingu jeupe, kwa kuwa vifuko vya hewa vimejaa majimaji, na kifua kikuu cha watu wazima mara nyingi hukaa sehemu za juu za mapafu, pengine kikiacha shimo.

Moyo tunaupima kwa rula: kwa mtu mzima, upana wake haupaswi kuzidi nusu ya upana wa ndani wa kifua. Hapo ndipo tunapoweza kudanganyika, kwa sababu kivuli cha moyo hutegemea jinsi picha ilivyopigwa. Mtu akisimama ameegemeza kifua kwenye bamba linalonasa picha, mionzi ikitokea mgongoni, moyo huwa karibu na bamba na ukubwa wake hautiwi chumvi; akipigwa akiwa amelala kitandani, mionzi ikitokea mbele, au asipovuta pumzi ya kutosha, moyo wenye afya kabisa huweza kuonekana umepanuka. Ndiyo maana unaambiwa uvute pumzi, uibane na usitikisike. Kina mama huombwa pia wafunge nywele juu, maana msuko mnene ulioangukia begani hutupa kivuli kwenye ncha ya pafu, mahali palepale tunapotafuta kifua kikuu.

Hata picha safi ina mipaka. Kovu la kifua kikuu kilichopona laweza kufanana na ugonjwa mpya, kwa hiyo makohozi lazima yapimwe. Moyo uliopanuka hupimwa kwa ultrasaundi, inayoonyesha vali, yaani milango ya moyo, zikifunguka na kufunga, na mshtuko wa moyo huweza kutokea bila picha ya kifua kuonyesha lolote.

Mionzi ya picha moja ni takribani milisiveti 0.1 (milisiveti ni kipimo cha mionzi), karibu sawa na ile ya asili tunayoipata kwa siku 10. Hata hivyo, mwenye ujauzito aseme mapema. Na ukiwa na picha za zamani, njoo nazo: kivuli ambacho hakijabadilika kwa miaka 2 hatukisomi kama kilichojitokeza mwezi huu.