Bibi, leo umekuja na mfuko?

Jumanne ni siku ya kliniki ya presha na sukari hospitalini kwetu, hospitali ya wilaya katika mkoa huu wa Dodoma, nami huwa dirishani kwenye famasi tangu saa mbili asubuhi. Dirisha letu lina kibao: WAZEE KWANZA. Mwenye miaka 60 na kuendelea hapangi foleni, na akiwa na kitambulisho cha msamaha halipi. Msamaha huo una historia yake, tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na siubezi. Wenye umri wangu tunakumbuka wazee walivyokuwa wakisinzia kwenye mabenchi hadi saa tisa.

Ila kibao kinaondoa foleni tu. Mzee hukaa dirishani kwangu dakika tatu, kisha hurudi nyumbani na vidonge na kukaa navyo siku thelathini. Huko ndiko mambo yanakoharibikia, na huko hatuna kibao.

Mwaka juzi nilianza kuwaambia wazee wote wa kliniki: ukija, njoo na dawa zote ulizonazo ndani. Za hapa, za zahanati, za dukani, za jirani, za mganga. Bibi mmoja wa upande wa Chamwino alinitii kuliko wote. Nilimwamkia kwa Kigogo changu kibovu, "mbukwenyi," akacheka, akaweka kaunta mfuko wa rambo, ule uliopigwa marufuku tangu Juni 2019, sijui aliuhifadhi wapi. Tukamwaga.

Kulikuwa na amlodipini, tuliyompa sisi. Nifedipini, aliyopewa zahanati ya kijijini kabla hajaanza kuja kwetu. Furosemidi, ile wanayoiita dawa ya kukojoa. Karatasi tatu za diklofenaki alizonunuliwa na mwanawe duka la dawa kwa ajili ya magoti. Bahasha ya kaki iliyoandikwa "1x2", yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, bila jina la dawa. Na kichupa cha mizizi iliyochemshwa, ambacho alikitoa mwisho huku ananiangalia usoni aone kama nitamgombeza.

Sikumgombeza. Nilikuwa naitazama diklofenaki, kwa sababu hadithi nzima ilianzia pale. Dawa hii hutuliza maumivu kweli, lakini pia huufanya mwili ung'ang'anie chumvi na maji, na kwa mzee figo huwa hazina tena nguvu za ujana. Presha hupanda. Bibi alipopimwa zahanati ikaonekana iko juu, akaanzishiwa nifedipini. Haikushuka vizuri, maana diklofenaki ilikuwa inavuta upande wa pili. Alipofika kwetu tukamwandikia amlodipini bila kuuliza ana nini nyumbani. Amlodipini na nifedipini ni watoto wa tumbo moja, kazi yao moja na maudhi yao mamoja: huvimbisha miguu. Miguu ikavimba. Mwenzetu mmoja akaona uvimbe, akaandika furosemidi. Dawa ikazaa dawa, ikazaa nyingine, na kila aliyeandika alikuwa na sababu nzuri mbele ya macho yake.

Furosemidi ilimwamsha bibi usiku mara tatu au nne, na choo kiko nje, nyuma ya nyumba yake ya tembe, gizani. Nikamwomba muuguzi ampime presha ameketi, halafu ampime tena akiwa amesimama. Ameketi: 148 kwa 84. Amesimama: 118 kwa 70. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, huyo mtu yuko kwenye hatari ya kizunguzungu na ya kuanguka. "Nishaanguka mara mbili, mjukuu wangu," akasema, kama anayeniambia habari za mvua.

Kipimo hicho hakigharimu kitu. Mashine ni ile ile, muda unaoongezeka ni dakika tatu. Lakini ni nadra kukiona kikifanyika kwenye kliniki zetu, na tunashangaa wazee wanapoletwa wameteguka au wamevunjika nyonga. Mzee akivunjika nyonga kijijini, mara nyingi hatembei tena kama zamani, na binti mmoja wa nyumba ile anaacha shamba au biashara yake ya mbogamboga ili amgeuze kitandani.

Sasa niseme na langu, nisije nikaonekana nawasema wengine. Miaka ya nyuma nilimpa mzee mmoja glibenklamidi ya sukari. Nikamwelekeza vizuri kabisa: kidonge kimoja asubuhi kabla ya chakula. Ilikuwa Februari. Anayeijua Dodoma anajua Februari ni nini: mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, mtama na uwele bado viko shambani na ghala limeshaonyesha sakafu. Yule mzee alikuwa anakula mara moja, jioni, ugali na mlenda. Mimi nikamwambia kabla ya chakula, naye akameza alfajiri, akakaa hadi magharibi. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alilowa jasho akawa anaongea na watu waliokufa. Nyumbani wakasema amerushiwa kitu. Kijana wake mmoja akakataa, akampakia kwenye bodaboda. Sukari ilisoma 2.1, imeshuka mno.

Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani iliwahi kusema wazi kuwa glibenklamidi haifai kwa walio juu ya miaka 60, na kutaja gliklazidi kama chaguo salama zaidi. Nilikuwa nimeisoma. Swali ambalo sikuuliza ni moja: babu, unakula saa ngapi? Siku hizi ndilo swali langu la kwanza, hata kabla ya jina la dawa.

(Kama wewe unayesoma una mzazi anayetumia dawa nilizozitaja, usiende kuzitupa leo. Zikusanye zote, mpeleke nazo hospitali.)

Kinachonikera zaidi ni nauli. Mteja wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ambaye hali yake ni nzuri anapewa dawa za miezi mitatu, wengine sita, na mpango ule umefanya kazi. Mzee wa presha iliyotulia anarudi kila mwezi. Kwa yule bibi, bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi elfu kumi na mbili. Dawa ni bure, safari ndiyo inayouzwa. Zanzibar mwenye miaka 70 analipwa pensheni jamii tangu 2016. Huku bara mzee asiye kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, anasubiri mtoto atume kwa simu. Nimeanza kuwaandikia miezi miwili wale walio imara, pale bohari inaporuhusu, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wawili wanapita kuwapima nyumbani. Bohari hairuhusu kila mwezi. Pale dawa inapoisha naandika "kanunue nje," na sina maneno mengine ya kuongeza.

Kuhusu maandishi ya "1x2," tumeyaacha kwa wazee. Asubuhi tunachora jua, usiku tunachora mwezi, na mjukuu anayeishi naye tunamwita dirishani aeleze mwenyewe alichoelewa. Mtoto wa darasa la nne akieleza vizuri, nalala usingizi.

Bibi wa mfuko daktari alimwachia amlodipini peke yake, kwa kipimo kidogo. Furosemidi na nifedipini zikatoka. Magoti tukampa panado, fimbo, na mazoezi ya kunyoosha miguu akiwa amekaa kwenye kigoda. Mizizi nilimwomba aache kwa mwezi mmoja tuone. Alirudi baada ya wiki sita, presha imetulia ameketi na amesimama, miguu imenywea, usiku anaamka mara moja. Nikamuuliza kuhusu diklofenaki, akaapa ameziacha. Nikabaki namtazama tu. Akafungua fundo la pindo la khanga, akatoa vidonge viwili.

"Hivi ni vya harusi ya mjukuu wangu," akasema. "Nitacheza mimi."