Fedha za mafunzo kazini: dhana zinazomwacha mwanagenzi nje ya geti

Kila mwisho wa mwezi, mhasibu anapoandaa mishahara, kuna tarakimu moja anayoipitisha bila kuitazama mara mbili: tozo ya mafunzo, yaani mchango wa lazima wa mwajiri kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Inalipwa, inasahauliwa. Nimekaa na wenye karakana na viwanda vidogo walioilipa miaka nenda rudi, na hawajawahi kuuliza inakwenda wapi, wala kama kuna njia ya kuitumia kufundishia watu wao. Ukiwauliza sababu, majibu ni yale yale. Nayachukulia kwa uzito, kwa sababu anayeumia nayo si mwenye kiwanda peke yake. Yupo pia kijana anayesimama getini kila Jumatatu akiomba afundishwe kazi.

“Hiyo ni kodi tu, ikienda imeenda”

Inategemea nchi, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, maana mtu husikia habari za kwingine akadhani ndivyo ilivyo kwake.

Afrika Kusini, mwajiri ambaye mishahara yake inazidi randi 500,000 kwa mwaka hulipa asilimia 1 ya mishahara hiyo. Akiwasilisha mpango wa mafunzo na ripoti yake kwa tarehe iliyowekwa, hurudishiwa asilimia 20 ya alichotozwa, na anaweza kuomba ruzuku nyingine juu yake. Kenya, mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na aliyegharimia mafunzo yanayokubalika anaweza kuomba arudishiwe gharama kupitia Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA. England, tozo iliyoanza Aprili 2017 ni asilimia 0.5 kwa waajiri ambao mishahara yao inazidi pauni milioni 3 kwa mwaka. Fedha hukaa kwenye akaunti ya mwajiri mwenyewe, na asipozitumia ndani ya muda uliowekwa zinapotea.

Tanzania Bara mambo ni tofauti. Tozo ya kuendeleza ujuzi, inayowahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi, hairudi mfukoni mwa aliyeilipa kwa mtindo huo. Imekuwa ikigharimia mafunzo ya ufundi stadi, na sehemu yake kuelekezwa kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Waajiri wamelalamikia kiwango chake kwa muda mrefu, na Julai 2023 kilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Faida ya mwajiri huko huja kwa mlango mwingine: programu za uanagenzi ambamo serikali hubeba ada ya mafunzo, naye akatoa nafasi ya kujifunzia kazini.

Jambo moja niliseme hapa hapa: tozo hizi zote nne hulipwa na mwajiri. Mfanyakazi anayeona imekatwa kwenye mshahara wake ana haki ya kuuliza, na aulize.

“Nitafundisha kwanza, risiti nitazipeleka baadaye”

Kwa niliyoyaona, dhana hii imewaangusha watu wengi kuliko nyingine yoyote.

Niliwahi kuitwa kusaidia karakana moja ya uchomeleaji ambayo ombi lake la kurudishiwa gharama lilikuwa limekataliwa. Mafunzo yalifanyika kweli, sina shaka. Vipande vya chuma walivyojifunzia vilikuwa bado vimepangwa ukutani kwa tarehe: mshono wa kwanza umejaa matundu na madonge, wa mwisho umelala sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Ningeweza kumwonyesha mtu yeyote na akaelewa. Lakini faili lilisema mengine. Orodha ya mahudhurio ya siku 12 ilitiwa saini zote kwa kalamu moja, kwa mkono uleule, pamoja na Jumapili ambayo karakana ilikuwa imefungwa. Msimamizi alikuwa amekumbuka karatasi siku ya mwisho, akaijaza kwa nia njema. Mkufunzi alilipwa taslimu bila stakabadhi. Na barua ya kuomba idhini ilikuwa na tarehe ya wiki 3 baada ya mafunzo kwisha.

Mifuko mingi ya mafunzo hutaka kukubali kabla mafunzo hayajaanza: nani atafundishwa, nini, na nani, kwa siku ngapi, kwa gharama gani. Hutaka mkufunzi au chuo kinachotambulika. Hutaka mahudhurio yanayosainiwa siku ileile na malipo yanayoonekana benki. Ni usumbufu, nakubali, hasa kwa mwenye karakana ambaye ndiye fundi, ndiye keshia, ndiye dereva. Lakini hizi ni fedha za umma, na anayezikagua hakuwepo mshono ule ulipokuwa ukinyooka.

“Serikali italipa kila kitu”

Wengi hutaja Ujerumani kama ushahidi. Ujerumani yenyewe iko kinyume na wanavyodhani. Katika mfumo wao wa pande mbili, shule za ufundi hulipiwa na serikali, ila mafunzo ya kazini hugharimiwa na kampuni: posho ya mwanagenzi, muda wa mkufunzi, vifaa. Tangu 2020 sheria imeweka hata kima cha chini cha posho hiyo. Kilianza na euro 515 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Kampuni zinakubali kwa sababu mwishoni zinapata fundi anayeijua mashine yao, na zimeepuka gharama ya kumtafuta nje.

Kwingine pia fedha za umma huwa na mipaka. Tozo ya England hulipia mafunzo na upimaji. Mshahara wa mwanagenzi haumo. Na kuna gharama moja ambayo karibu hakuna mfuko unaoibeba ipasavyo, nayo ni saa za fundi mkuu. Kila saa anayosimama nyuma ya mwanagenzi ni saa ambayo kazi ya mteja imesimama. Usipoihesabu mapema, mwezi wa pili utamwambia mwanagenzi “kaa pembeni kwanza tumalize hii”, na ataendelea kukaa pembeni.

“Nikimfundisha, jirani atamchukua”

Hofu hii ina msingi. Mwanauchumi Gary Becker aliieleza katika miaka ya 1960: ujuzi unaotumika mahali pamoja tu, kampuni ina sababu ya kuulipia, ujuzi unaotumika popote, faida yake humfuata aliye nao aendako. Kila mwajiri akiwaza hivyo, wote wanangoja mwenzao afundishe, na mwisho hakuna mafundi wa kunyang'anyana.

Ninachotamani waajiri waelewe ni kwamba tozo ilibuniwa kwa ajili ya hofu hiyohiyo. Brazil mwaka 1942 ilianzisha SENAI, taasisi ya mafunzo ya viwandani inayoendeshwa kwa asilimia 1 ya mishahara ya viwanda. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1964 iliyowezesha bodi za mafunzo za kila sekta kutoza waajiri na kutoa ruzuku kwa wanaofundisha. Wazo ni lilelile: wote wachangie, na anayefundisha alipwe kutoka kwenye mfuko ambao hata jirani anayechukua mafundi wa wenzake ameuchangia. Kwa hiyo mwajiri anayelipa tozo na kukataa kufundisha kwa kuogopa jirani anamlipia jirani yuleyule.

Tena si kila mara hasara hubaki hadi mwisho. Tafiti za Uswisi zimeonyesha kwamba kampuni nyingi hurudisha gharama kabla mwanagenzi hajamaliza mkataba, kwa sababu katika miaka ya mwisho anafanya kazi ya fundi kamili huku akilipwa posho. Hilo halitokei kwa mafunzo ya wiki mbili. Linahitaji muda, na linahitaji kazi anayopewa izidi kuwa ngumu kila mwaka.

“Mwanagenzi ni mkono wa bei nafuu”

Hapa sina subira. Nimemkuta kijana aliyekuwa na mwaka mzima mahali, na daftari lake la mafunzo lilikuwa na neno moja likijirudia ukurasa hadi ukurasa: usafi. Alijua kila kona ya sakafu, na mashine hakuwahi kuigusa.

Juni 2023 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 208 kuhusu uanagenzi wenye ubora. Linataka mkataba wa maandishi unaoeleza majukumu ya kila upande, malipo yanayostahili, mipaka ya saa za kazi, likizo, hifadhi ya jamii na usalama kazini. Pendekezo si mkataba unaoibana nchi kisheria, lakini mifuko mingi tayari inadai mambo ya namna hiyo, na daftari kama lile halipiti kwa mkaguzi anayelisoma.

Mengine mawili, kwa kifupi

Fedha hizi si za kampuni kubwa tu. Tangu Aprili 2024, mwajiri mdogo wa England asiyetozwa tozo halipii chochote kwa mafunzo ya mwanagenzi mwenye umri chini ya miaka 22.

Na si za vijana tu. Mifuko mingi hulipia pia kumwongezea ujuzi mtu aliye kazini miaka 15, kama mfanyakazi wa mashine ya zamani anayehamia ya kompyuta.

Ile karakana ya uchomeleaji iliomba tena mwaka uliofuata. Safari hii idhini ilitangulia, na orodha ya mahudhurio ilitundikwa mlangoni kwa kamba, na kalamu yake, kila mtu akisaini kabla ya kuvaa glavu. Waliporudishiwa gharama, walimchukua kijana mmoja kutoka getini.