Je, wajua kwa nini shampuu ilijaribiwa kwenye jicho la sungura?

Ukisikia kwamba kampuni za vipodozi zilimchagua sungura, utadhani jicho lake linafanana na letu. Halifanani. Alichaguliwa kwa kuwa ni mpole, hana gharama kubwa kumfuga, na jicho lake ni kubwa. Tena sungura mweupe wa aina ya New Zealand (jina tu, mbegu yake ilikuzwa Marekani) hana rangi ndani ya jicho, kwa hiyo wekundu kidogo tu unaonekana mara moja. Sifa zote hizo zinamfaa mpimaji.

Mambo yalianzia Marekani mwaka 1933, kwa rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Ilikuwa na parafenilinidiamini, kemikali ya kutia nywele weusi. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye unga wa rangi ya nywele unaochorewa piko huku pwani, na ndiyo inayowatoa baadhi ya maharusi malengelenge. Lash Lure ilipofusha wanawake na mmoja akafa, lakini serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa sokoni hadi 1938. Baada ya sheria kupatikana, ilibidi kuwe na njia ya kupima ukali wa bidhaa. Mwaka 1944 John Draize wa mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, akachapisha njia hiyo pamoja na wenzake wawili.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kope la chini huvutwa hadi lifanye kikombe kidogo, humo hudondoshwa mililita 0.1 za kimiminika, au miligramu 100 za unga, kisha kope hufumbwa sekunde moja hivi ili kitu kisimwagike. Jicho la pili haliguswi. Ni la kulinganishia. Mpimaji hutazama baada ya saa 1, 24, 48 na 72, na anaweza kuendelea hadi siku ya 21 kuona kama kidonda kinapona. Alama za juu kabisa ni 110. Kati ya hizo, 80 ni za konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho, 20 za utando wa ndani ya kope, na 10 za lile duara la rangi linalozunguka mboni. Mwongozo namba 405 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, unaotumika leo hauruhusu kuzidi sungura watatu, na tangu 2012 unataka wapewe ganzi na dawa ya maumivu.

Kasoro ziko mbili. Ya kwanza ni ya mnyama: sungura huweza kukaa dakika kadhaa bila kupepesa, machozi yake ni machache, ana kope la tatu, na konea yake ni nyembamba kuliko yetu. Sabuni ambayo wewe ungeitoa kwa kupepesa na kutoa machozi, kwake hukaa na kuchoma. Ya pili ni ya mpimaji, na kwa maoni yetu ndiyo nzito zaidi. Wekundu huu ni wa alama 2 au 3? Mwaka 1971 watafiti Weil na Scala waligawa kemikali zile zile kwa maabara 25. Majibu yalitofautiana mno: kitu kimoja huku kilionekana hakina neno, kule kikahesabiwa kikali.

Aprili 1980 mwanaharakati Henry Spira alilipia ukurasa mzima wa gazeti la New York Times kuiuliza kampuni ya vipodozi ya Revlon inapofusha sungura wangapi kwa ajili ya urembo. Kampuni hiyo ikatoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller kutafuta njia nyingine.

Mojawapo ya njia zilizokubaliwa baadaye inatumia macho ya ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya nyama. Hutolewa machinjioni yakiwa ndani ya maji ya chumvi maalumu, na ni vizuri yatumike siku hiyo hiyo, kwani yakichelewa konea huanza kuwa na ukungu yenyewe na kipimo huharibika. Konea hubanwa kati ya vyumba viwili vidogo, juu humiminwa mikrolita 750 za kimiminika kwa dakika 10 kwenye nyuzi 32, kisha huoshwa na kuachwa saa mbili. Chombo hupima mwanga unaozuiwa na ukungu. Halafu hutiwa rangi ya fluoreseni kwa dakika 90 ili kuona ni kiasi gani kimevuja hadi upande wa pili. Jumla ya alama za ukungu na uvujaji ikiwa 3 au chini, bidhaa haichomi. Ikizidi 55, inaharibu jicho vibaya. Katikati hapo kipimo hakitoi jibu. Alkoholi nayo huonekana kali kuliko ilivyo, na vitu vya unga wakati mwingine hupita bila kugunduliwa.

Ndiyo maana hutumika pamoja na tishu ya seli za binadamu iliyooteshwa maabara. Hutiwa mikrolita 50 kwa dakika 30, ikaoshwa, kisha ikatiwa rangi inayogeuzwa zambarau na seli zilizo hai. Zikibaki hai zaidi ya asilimia 60, bidhaa imepita. Bidhaa ambayo yenyewe ina rangi ya zambarau huvuruga hesabu, hivyo hupimwa kando kwanza.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama tarehe 11 Machi 2013. Uchina, iliyokuwa ikilazimisha majaribio kwa vipodozi vinavyoingizwa nchini, ililegeza kwa masharti kuanzia Mei 2021, lakini si kwa rangi za nywele wala krimu za jua. Sheria ya Ulaya, hata hivyo, inahusu vipodozi tu. Sabuni ya vyombo na dawa ya choo ziko chini ya sheria za kemikali, ambazo bado zinaweza kudai majaribio ya wanyama.

Kwa hiyo chupa ikiandikwa "haijajaribiwa kwa wanyama", uliza ni nini hasa hakikujaribiwa. Huenda ni bidhaa iliyokamilika tu, huku viungo vyake vikiwa vimejaribiwa na yule aliyeviuza. Nembo ya sungura anayeruka, Leaping Bunny, hudai uthibitisho hadi kwa muuza viungo. Sungura mwingine yeyote aliyechorwa kwenye chupa anaweza kuwa pambo tu.