Mbwa "hasikii uchungu", ama amenyamaza tu? Maana ya kizingiti cha uchungu

Huku Nakuru ukiita mtu akushonee mbwa koko usishangae ukiambiwa hawa wa kienyeji hawasikii uchungu. Mimi niliambiwa hivyo hapa kwetu Lanet, mbwa yangu alikuwa amepasuliwa paja na seng'enge akiruka ua, na jamaa aliyekuja kumshona alikuwa ashaanza kuandaa uzi bila habari ya ganzi, manake mbwa mwenyewe alikuwa ametulia tu, analamba midomo na kutetemeka kidogo. Wiki hiyo hiyo kale kambwa keupe ka jirani kalipelekwa chanjo, kakapiga nduru hata kabla sindano haijakagusa, na ploti nzima ikasema woi, kameumia. Sasa kati ya hao wawili nani aliumwa zaidi?

Kiswahili chenyewe kinatuchanganya hapa. Unasikia redio, unasikia njaa, unasikia uchungu, na mtoto mkaidi naye tunasema hasikii. Kwa hivyo mtu akisema mbwa hasikii uchungu, mara nyingi alichoona ni kwamba mbwa hakupiga kelele, basi.

Wale wanaopima hii kitu kitaalamu hawaangalii kelele. Wanatafuta ni wapi mguso unaacha kuwa mguso unaanza kuwa uchungu. Chukua biro ujibonyeze mgongo wa mkono polepole: kwanza unasikia tu kitu kimekugusa, ukizidisha kinakera, ukizidisha tena kinaanza kuuma, unavuta mkono bila hata kufikiria. Ile nguvu iliyokuwa kwenye ncha ya biro wakati unavuta, hiyo ndiyo kizingiti chako cha uchungu. Kizingiti kikiwa chini, unaumia haraka, kikiwa juu unachelewa. Na hiki si kipimo cha uvumilivu, uvumilivu ni vile unaweza kukaza meno baada ya uchungu kuanza, na mbwa hapimwi hiyo manake itakuwa ni kumtesa.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu. Kuna nyuzi za von Frey, zilizopewa jina la Max von Frey, mtaalamu aliyefanya kazi Ujerumani, ambaye miaka ya 1890 alikuwa anagusa ngozi za watu na nywele, zikiwemo za farasi, akaona kila unywele unapinda ukifikia nguvu fulani, kwa hivyo hata ukisukuma vipi haupiti hapo. Siku hizi ni nyuzi za nailoni, ama mashine ya kushika mkononi inayoandika gramu. Kuna pia algometa, hii ina ncha butu na inapima mgandamizo kwa nyutoni, na kuna kakifaa ka joto ambako kanawekwa kwenye ngozi halafu wanahesabu sekunde.

Mbwa anabonyezwa, tuseme juu ya unyayo wa nyuma, na mara tu akivuta mguu, ama akigeuka kuangalia pale, ama akinung'unika, kifaa kinatolewa na namba inaandikwa. Kuna mwisho uliopangwa kabla, asipojibu wanaachia hapo wasije wakamuumiza. Wanarudia mara kadhaa, wanampumzisha katikati, halafu wanachukua wastani. Inaonekana rahisi lakini mbwa ni mbwa, mmoja ana hofu anavuta mguu kabla hujafika, mwingine ameona paka nje ya dirisha hata hana habari na wewe, mwingine ashajifunza kwamba akivuta mguu anaachwa kwa hivyo anavuta mapema, mjanja.

Faida yake kubwa iko kwa mbwa wenye magoti na nyonga mbovu. Uchungu ukikaa mwilini muda mrefu kizingiti kinashuka, na kinaweza kushuka hata mahali ambapo hapana ugonjwa, manake uti wa mgongo na ubongo vyenyewe vimebadilika. Ni kama soja wa geti aliyeibiwa jana, leo hata paka akipita anapuliza filimbi. Ndio unakuta mbwa mzee anakuuma ukimpapasa mgongo tu, na wewe unasema amekuwa mkali.

Lakini usichanganye hii na kupima uchungu alio nao saa hii, tuseme baada ya upasuaji. Hiyo ina fomu zake, kama ile ya Glasgow, daktari anaangalia mbwa analia ama la, anajali kidonda vipi, anatembea vipi, anashtuka ukigusa karibu na kidonda, halafu daktari anajumlisha pointi hadi 24, na kuanzia 6 anafikiria kumuongezea dawa ya uchungu.

Sasa turudi kwa ile imani ya "huyu ni wa aina fulani, hasikii". Marekani, chuo kikuu cha North Carolina State, walichukua mbwa 149 wazima wa aina 10, kuanzia Chihuahua na Maltese hadi haski na Labrador, wakawapima hivyo kwa mgandamizo na joto. Matokeo yalitoka 2023. Tofauti kati ya aina zilikuwepo kweli, sikatai, lakini hazikufuatana na vile madaktari wa mifugo walikuwa wanaamini. Maltese kweli walikuwa wepesi wa kuumia kama walivyodhaniwa, ila haski, ambao madaktari walidhani nao wanaumia haraka, walipatikana katikati tu. Na hapa ndio mimi nilicheka: hao wachunguzi waliwaonyesha mbwa hao pia tumbili wa kuchezea anayetikisika na kupiga kelele, wakawapitishia na mtu wasiyemjua, na ikaonekana zile aina zisizopenda kusogelea mgeni ndizo madaktari walikuwa wanasema zinaumia haraka. Yaani huenda madaktari walikuwa wanapima urafiki wakidhani wanapima uchungu. Koko wa Mwariki huku Nakuru hakuwa kwenye hiyo orodha, kwa hivyo anayekwambia wa kienyeji hasikii hajaitoa huko.

Chama cha kimataifa cha wanaochunguza uchungu, IASP, kwenye maana yake ya 2020 kimesema wazi kwamba kiumbe kushindwa kusema hakumaanishi hana uchungu, na kimetaja wanyama pia.

Yangu alipata ganzi, nilikataa ashonwe bila. Siku ya tatu nikiwa namuosha kidonda na maji ya chumvi kidole kikateleza kikabonyeza kando ya uzi, kidogo sana. Hakulia. Aligeuza kichwa, akaangalia kidole, akaniangalia. Nikakitoa.