Kusaka redio porini: mwenzako akianza kuongea ovyo, mmwagie maji

Vijana wa hapa Mtwara wanaotaka kuanza mchezo wa kusaka redio wameniuliza maswali kuhusu kuzidiwa na joto. Nayajibu kama muuguzi, kwa yale ninayoyaona kila msimu wa korosho.

Kwani mchezo wenyewe unachosha?
Sana. Mitambo 5 ya kurusha mawimbi hufichwa porini. Kila mmoja hulia dakika 1 kwa zamu, kisha hunyamaza dakika 4. Unakimbia peke yako kuitafuta, na risiva (kiredio chenye antena kinachonasa sauti ya mitambo hiyo), ramani na dira, njia unajitafutia mwenyewe. Kilomita 6 hadi 10 ni kawaida, na ukipotea zinaongezeka. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea mazoezi ya juani, kwa hiyo anzeni taratibu.

Joto la hatari tutalijuaje?
Joto la mwili hupita nyuzi 40 na akili huvurugika: mtu anayumba, anajibu ovyo, anakuwa mkali, anaanguka. Hapa ni rahisi kudanganyika, maana hata mzima husimama akajizungusha na antena akitafuta sauti. Muulize ameshapata mitambo mingapi. Asipoeleweka, mbio zake zimeisha.

Na kama jasho bado linamtoka?
Jasho lisikudanganye. Mkimbiaji huzidiwa na joto huku jezi inachuruzika.

Si apumzike kwanza chini ya mkorosho?
Hapana. Kivuli peke yake hakitoshi. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, palepale, huku mwingine akitafuta gari. Nimewahi kupokea kijana aliyebanwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, kafunikwa khanga hadi shingoni. Njiani walipita visima viwili. Hakuna aliyechota hata kopo moja! Jamani, kila dakika ya joto lile inaunguza ubongo, figo na ini.

Wazee wakisema kapandisha mashetani?
Mmwagie maji. Anayetaka kusoma dua asome, maji yakiendelea kumwagika.

Tumnyweshe?
Akiwa hajitambui, hapana, yatamwingia mapafuni. Mlaze ubavu.

Tumwagie mpaka lini?
Mpaka akili imrudie, na hata hapo mleteni kituoni. Gari likifika kabla, pakieni na madumu ya maji, muendelee kummwagia humohumo garini. Viti vitakauka.